Kiti cha Nyuma ya Kioo

Mpaka mwaka jana, ungefika nyumbani kwa Tahlil, kwenye mtaa mmoja wa nyuma ya Ladypool Road pale Sparkbrook, jijini Birmingham, kitu cha kwanza ambacho ungeonyeshwa, hata viatu hujamaliza kuvua, ni picha. Si picha ya harusi yake na Zeinab, ingawa nayo ipo, na Zeinab siku hiyo alipendeza si mchezo. Ni picha ya Tahlil peke yake, kijana wa miaka ishirini na mitatu, amekaa ndani ya kijumba cha kioo, jezi nyekundu, kofia ngumu ameipakata, jasho linamtiririka, na mlangoni kasimama mzee wa Kiswidi mwenye koti la bluu kama bawabu wa hoteli. Aliyeipigilia msumari ni mama yake, Bi Fosia, na ndiye aliyekuwa akiipangusa vumbi kila Ijumaa. Angekuambia kwamba mwanawe alikuwa mchezaji mkubwa huko Sweden, mpaka akatengewa kiti chake mwenyewe na mtu wa kumfungulia mlango.

Sasa mimi na wewe tusidanganyane. Kile kijumba ni kibanda cha adhabu. Katika hoki ya barafuni, ukimtandika mwenzako gongo au ukimbamiza ukutani kwa ubaya, refa anakutoa, unakwenda kukaa mle dakika mbili, wakati mwingine tano, na wenzako wanahangaika wakiwa pungufu. Yule mzee wa koti la bluu kazi yake ni kuangalia mtu asitoke kabla ya muda wake. Na siku ile Tahlil alikuwa amemng'oa mtu meno mawili.

Lakini nani angemwambia mama? Picha ilipofika Nairobi, Eastleigh nzima iliitwa kuitazama. Majirani walipewa chai. Tahlil alipopiga simu na kusikia jinsi anavyosifiwa, alijaribu kueleza, ulimi ukawa mzito, akasema tu ndiyo, hooyo, yaani mama kwa Kisomali, ni kiti changu. Ukishasema neno kama hilo mara moja, basi limeshakuwa. Miaka kumi na tisa aliishi nalo.

Utaniuliza mtoto wa Eastleigh alifikaje kwenye barafu. Alifika kwa kupelekwa. Mwaka wa tisini na tatu mjomba wake, Mubarik, alipata njia ya kwenda Sweden na familia yake, akamwambia dada yake kwamba anaweza kuongeza mtoto mmoja, mmoja tu. Bi Fosia akamtoa Tahlil, miaka tisa, akamfunga vifungo vya sweta mpaka shingoni kule kwenye jua la Nairobi, na akajiambia ni mwaka mmoja, ikizidi sana miwili. Siku walipokuja kuishi tena nyumba moja, mtoto yule alikuwa na miaka thelathini na minne na mvi mbili tatu kidevuni.

Walikopelekwa ni mji mdogo wa kaskazini, kiwanda cha karatasi, mto unaoganda mwezi wa kumi na moja. Mubarik akapata kazi ya kufagia ukumbi wa hoki, na kwa kuwa jioni mkewe naye alikuwa kazini, alikuwa akimchukua mtoto. Mtoto alipochoka kukaa kwenye viti vitupu, akapewa viatu vya barafu vilivyosahauliwa na mtu, kimoja kikubwa kuliko kingine. Alianguka jioni ya kwanza mpaka mjomba akaacha kuhesabu. Alianguka majira yote ya baridi. Lakini Tahlil ni mbishi, na ubishi huo ndio uliomfikisha, maana akiwa na miaka kumi na saba alitia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa.

Akawa beki wa kushoto. Beki katika hoki hana sifa. Kazi yake ni kuziba njia na kupokea mapigo, na paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, kikija kwa kasi anaweka mguu, au mbavu, chochote alicho nacho. Alicheza Sweden miaka saba, Norway mitatu, kisha Uingereza sita. Hakuwahi kuwa nyota. Alikuwa mtu wa kutegemewa, na makocha wanampenda mtu wa namna hiyo hata kama magazeti hayamjui.

Jambo moja tu nikueleze kuhusu mchezo huu, kisha sikuchoshi tena. Hakuna binadamu anayeweza kukimbia barafuni kwa nguvu zote zaidi ya sekunde arobaini, arobaini na tano. Kwa hiyo wanacheza kwa zamu. Aliyechoka anainua gongo lake juu, anarudi benchi, na mwenzake anaruka ule ukuta mfupi kuingia nafasi yake, mchezo ukiendelea. Hakuna muda wa kufikiri. Jicho linaona gongo limeinuliwa na mwili unakwenda. Tahlil aliruka ukuta ule labda mara elfu ishirini maishani mwake. Ya mwisho ilikuwa Jumamosi moja ya Februari mwaka wa kumi na saba. Alirudi benchi nyonga ikiwaka moto, akamwambia kocha anahitaji dakika moja tu apumue. Dakika ile haijaisha mpaka leo.

Na hapa ndipo mimi mwenyewe hukasirika nikikumbuka. Miaka kumi na sita yote mama yake alikuwa akiomba viza aje amwone akicheza. Mara ya kwanza ilikataliwa, ya pili ikakataliwa, ya tatu karatasi zikapotea. Tahlil akawa anakwenda Nairobi wakati wa kiangazi, ligi imefungwa, anamkuta mama, wanakula, wanalala, anarudi. Kwa hiyo mama alimwona akila na akilala, hakumwona akicheza. Tahlil akawekwa nyonga ya chuma mwezi wa Machi wa mwaka uliofuata, na viza ikatoka Aprili. Bi Fosia alishuka uwanja wa ndege wa Birmingham na chupa yake ya chai mkononi, akamkumbatia mwanawe, na swali lake la kwanza likawa mechi ni lini. Tahlil akamwambia ameacha.

Akawa kocha. Alifundisha watoto asubuhi za mwisho wa wiki, na Jumapili mchana timu ya wanawake, kwenye ukumbi mmoja pembeni ya jiji. Ni timu ya watu wenye kazi zao. Kipa ni Parminder, dereva wa basi wa Kings Heath, ambaye bibi yake alizaliwa Nakuru na akamwachia Kiswahili cha jikoni, cha kuagiza chumvi na kugombeza watoto. Beki wa kushoto ni Amandeep, mfamasia wa Lozells, na anayempokea zamu ni Iman, mwalimu. Tahlil aliwapenda wanawake wale, na aliwafundisha vizuri. Lakini hakuvaa viatu vya barafu. Daktari alimwambia ngazi sawa, kutembea sawa, kuanguka barafuni hapana. Basi akawa anatembea juu ya barafu na viatu vya mpira, ubao wa maelezo kwapani, polepole, kama mtu anayevuka jikoni lililomwagika maji.

Viatu vyake vyenyewe vilikuwa kwenye kabati la chini ya ngazi. Kila mwezi alikuwa akivipeleka ukumbini na kuvinoa, havijagusa barafu, havijawa butu, anavinoa tu, anavipaka mafuta, anavirudisha. Zeinab alijua. Hakuwahi kumuuliza.

Alitamani. Sina neno jingine la kuzunguka. Alitamani ile hatua ya kwanza barafu ikiwa imetoka kusuguliwa, na ile harufu ya glavu mbichi, na uchovu ule wa kukaa benchi ukitema mate. Lakini zaidi ya vyote kilikuwepo kitu kimoja ambacho hakumwambia mtu. Wenzake, kila walipofanya jambo zuri, walikuwa wakiinua macho kwenye viti, mara moja, haraka, kila mmoja anajua mama yake anakaa wapi. Tahlil naye alikuwa akiinua macho, kwa sababu kila mtu anainua. Miaka kumi na sita aliinua macho na hakuwa na wa kumtazama.

Mama aliomba apelekwe ukumbini. Aliomba mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tahlil alikuwa na visingizio, eti baridi kali, eti magoti yako, eti timu wiki hii haichezi vizuri. Ukweli ni kwamba aliona haya. Mama aone nini? Mwanaume mzima amesimama nyuma ya benchi ameshika ubao.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, Bi Fosia akatangaza kwamba anarudi Eastleigh. Birmingham imemla magoti, alisema, na dada yake Kowsar amebaki peke yake kule nyumbani. Alikuwa na miaka sabini na mbili na tiketi yake ilikuwa ya kwenda tu, Jumanne. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe sukari, kwamba Jumapili kabla ya hapo atakwenda ukumbini, na hakuuliza kama anaruhusiwa. Tahlil akatazama sahani yake. Safari hii alikosa kisingizio.

Ilikuwa mechi ya kubaki daraja. Sare ingewatosha, wakifungwa wanashuka, na kushuka maana yake ni kupoteza ile saa yao nzuri ya Jumapili mchana. Tahlil alivaa suti na viatu vya ngozi vya kahawia alivyonunua kwa ajili ya mama yake kumwona. Bi Fosia aliketi nyuma kidogo ya benchi, blanketi mbili, glavu za Zeinab, akishangaa kwa sauti kwamba watu wanalipa kuja kukaa kwenye friji. Wachezaji walipoingia akawatazama wote, mmoja mmoja, kisha akamuuliza Zeinab Tahlil ataingia saa ngapi.

Zeinab akamweleza kwamba yeye ni kocha, hachezi, ndiye anayewapanga. Bi Fosia akaitikia kwa kichwa. Kipindi cha kwanza kilipokwisha akauliza tena. Zeinab akaeleza tena. Kipindi cha pili kilipokwisha, mama mtu akasema basi labda wanamhifadhi kwa ajili ya mwisho. Tahlil alikuwa hatua nne mbele yao na alisikia kila neno. Alikaza macho kwenye ubao wake na herufi zikawa hazisomeki.

Kipindi cha tatu, cha mwisho, mbili kwa mbili. Zilibaki dakika nne. Wapinzani walikuwa wamewabana, Parminder anazuia kwa magoti, kwa mabega, hata kwa kidevu, na Amandeep alikuwa amekaa barafuni zaidi ya dakika nzima, pumzi imekwisha. Akapata upenyo, akageuka, akaanza kurudi benchi amejikunja. Akainua gongo lake.

Kazi ya Tahlil hapo ilikuwa kusema jina moja, Iman. Alifungua kinywa. Lakini aliona upande wa kushoto umebaki mtupu, na mshambuliaji wa wapinzani amekwisha kuuona, na gongo lile lipo juu linamwita mtu. Hakufikiri. Mimi namjua, siyo mtu wa vituko, angefikiri asingefanya. Mkono ulishika ukuta, miguu ikapita juu, tai ikamrukia begani, na kocha wa timu ya wanawake akatua barafuni na viatu vya ngozi. Iman naye, ambaye hakungoja kuitwa kwa sababu naye ana macho, alitua kando yake.

Hatua nne. Nimezihesabu kwenye simu ya mtu aliyerekodi, ni nne kamili. Na jamani, semeni mnavyotaka, zile hatua zilikuwa sahihi. Alikwenda mahali beki anapotakiwa kwenda, akaziba njia inayotakiwa kuzibwa, paki ikaja na kumgonga mfupa wa mguu, ikaruka nje ya hatari. Kisha viatu vikakumbuka kwamba si viatu vya kazi ile, na Tahlil akaanguka chali, kishindo kilichosikika mpaka kwenye duka la chipsi la nje. Halafu ukacheka, ukumbi wote, hata refa alishindwa kupuliza filimbi vizuri.

Sheria haina mzaha. Watu wamezidi barafuni, dakika mbili za adhabu kwa timu, na kocha nje. Kibandani akapelekwa Amandeep akatumikie kosa la mkubwa wake. Tahlil alisimama kwenye korido kando ya mashine ya soda, suruali imelowa, akiishika nyonga yake na kuisikiliza. Nyonga ilikuwa salama. Alitazama saa ya ukutani, akawa anahesabu zile dakika mbili pamoja nao, na zikiwa zimebaki sekunde kumi na tano akasikia kelele za furaha kutoka upande ambao si wao.

Walifungwa tatu kwa mbili. Akawafuata mpaka mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, akawaambia, bila kupindisha, kwamba amewashusha daraja yeye peke yake, na kwamba ataandika barua kuachia ngazi. Parminder alikuwa anavua magamba yake ya kipa. Akamwambia saa ya daraja la chini ni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, yeye kuamka ameshazoea kwa sababu ya basi la kwanza, wengine watajua wenyewe, na barua hakuna wa kuisoma. Kisha akasema kwa kile Kiswahili cha bibi yake, "Lakini fundi, siku nyingine vaa viatu." Kicheko kikawaangusha wote, Amandeep akafuta machozi kwa jezi. Tahlil naye akacheka.

Kwenye gari Zeinab aliendesha. Bi Fosia alikaa nyuma na blanketi zake, akafungua kinywa walipoingia Stratford Road. Ujue kwamba kwa Wasomali mama humwita mwanawe jina lile lile mtoto analomwita yeye.

"Hooyo," alisema. "Nimekuona ukiingia."

"Nimefanya ujinga, hooyo."

"Nimekuona. Upande wa kushoto." Akajivuta mbele. "Mbona yule msichana wamemkalisha kwenye kiti chako?"

Zeinab akauma mdomo. Tahlil alitazama maduka yanavyopita, nguo, vitambaa, matunda yaliyopangwa barabarani, na aliona hana nguvu ya kuubeba ule uongo mpaka Jumanne, mama apande nao ndege. Akageuka kwenye kiti, akamweleza yote. Kwamba hakikuwa kiti cha heshima. Kwamba watu huwekwa mle wakikosa, na yule mzee wa koti la bluu alikuwa mlinzi. Akamweleza na meno mawili. Alipomaliza akaomba msamaha kwa Kisomali, kwa sababu maneno hayo aliyajua tangu utoto.

Bi Fosia alikuwa anavua glavu, kidole kwa kidole.

"Najua," akasema. "Mubarik aliniambia wiki ile ile picha ilipofika."

"Sasa kwa nini uliitundika? Kwa nini ukawaambia watu?"

"Picha zote ulizonitumia una chuma usoni. Mko wengi, mnakimbia, kofia zote sawa. Nilikuwa nawauliza watoto wa jirani, Tahlil ni yupi hapa, nao hawajui. Video pia hivyo hivyo." Akakunja glavu, akaziweka mapajani. "Ile moja walikukalisha. Wakakuvua kofia. Nikauona uso wako, hooyo."

Tahlil alikuwa ameweka mkono machoni kama mtu anayekinga jua, na Birmingham siku hiyo haikuwa na jua.

Jumanne picha ilishuka ukutani, ikafungwa ndani ya shuka, ikaingia kwenye mkoba wa mkononi. Uwanja wa ndege, binti wa kaunta aliuona mkoba umetuna, akataka kujua kuna nini. Bi Fosia hakusubiri kuombwa mara mbili. Akaifungua palepale, foleni ikisubiri, akamweleza kwa Kiingereza chake kidogo kwamba huyu ni mwanawe, mchezaji mkubwa, na hiki ni kiti chake, na huyu ni mtu wa kumfungulia mlango. Binti akasema hongera. Tahlil alisimama kando na hakusahihisha neno.

Mwisho wa kusindikiza ni mlango wa kioo. Baada ya hapo ni wasafiri tu. Alimkumbatia muda mrefu, akamfunga kifungo cha juu cha koti, na mama akapita. Upande wa pili watu walikuwa wengi, wanasukumana na masanduku. Bi Fosia alikwenda hatua chache, akageuka, akawa anatafuta kwenye kioo, macho yanakwenda kushoto, yanakwenda kulia, nyuso zote zimejazana pale zikipunga mikono.

Tahlil hakupunga. Alivua kofia yake ya sufu, akasogea karibu na kioo, akasimama pale bila kutikisika mpaka mama alipomwona.